Mbuzi wa Tata Amefungwa Uani

Nyuma ya Msikiti,
Miembeni, Bukoba.
19 Desemba, 1968

Kaka yangu mpendwa Ishengoma,

Pokea salamu zangu nyingi huko Newala, wewe na wifi Immakulata na watoto. Hamjambo? Kifua cha wifi kimepata nafuu? Uliandika kwamba daktari alimkataza kupika kwa kuni mbichi, nami nilicheka peke yangu nikijiuliza ni nani sasa anayepika humo ndani. Kama ni wewe, Mungu awalinde watoto.

Sisi hatujambo. Mama mkwe, Bi Mastura, magoti yanamsumbua lakini hajaacha kufunga hata siku moja. Mariamu wangu ameng'oka jino la mbele na amekuwa mkali kwa kila anayelitaja. Mvua inanyesha asubuhi, jua linawaka mchana, na mimi sielewi hata nguo nianike saa ngapi.

Kaka, ukiona barua hii inarukaruka nisamehe. Kichwa changu hakijatulia, na sababu utaiona mbele.

Sijui huko kwenu, ila hapa tangu Azimio la Arusha kila mtu ana malengo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Rweyemamu, alipita kabla ya Ramadhani akasema kila nyumba ijiwekee malengo ya kumalizia mwaka. Shemeji yako Shaban unamjua. Ukimtajia kikao tu, anatafuta kofia. Jioni hiyohiyo alituita barazani, akajiteua mwenyekiti, akaniteua mimi katibu, na mama yake akawa wajumbe wote waliobaki.

Tukakubaliana kwamba ifikapo Krismasi tuwe na choo kipya, nyumba nzima iwe imepakwa chokaa, na shamba letu la Kibeta liwe limepaliliwa na migomba imetandazwa nyasi. Tena kila mtu wa nyumba hii apate nguo mpya ya sikukuu, kwa kuwa ni aibu mtoto wa fundi cherehani kuvaa gauni la mwaka juzi.

Mwenyekiti alikuwa anataka kufunga kikao Bi Mastura aliponinyoshea kidole na kusema, "Bado moja. Baba yake Clotilda aje ale kwetu Krismasi."

Shaban akasema hilo si lengo. Lengo ni kitu unachoweza kukipima. Bi Mastura akamjibu, "Akila, sahani itabaki tupu. Kipimo gani unakitaka tena, mwanangu?" Mwenyekiti akafunga kikao, na katibu akaingia ndani kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Kaka, wewe uliondoka mapema, labda hujui jinsi jambo hili lilivyokaa. Tangu niolewe bila padri, Tata, baba aliyetuzaa, hajala kwangu hata ndizi moja. Wazee wa Shaban walipopeleka mahari Muleba, wale mbuzi na blanketi, yeye hakutoka chumbani, baba mdogo Karugendo ndiye aliyepokea. Akija mjini kwa mambo ya kahawa yake hupita hapa barazani, husalimia, hunipa mkono. Nikimtolea kamwani, kahawa yetu iliyochemshwa, atafune, kama tunavyompa mgeni yeyote, huchukua punje zake, huzitia mfukoni mwa koti, huaga. Miaka yote hii ni mfukoni tu. Sijawahi kujua kama huzitupa njiani au huzila akifika kwake.

Basi, kila jioni baada ya futari tulikuwa tunaangalia tulipofika. Bi Mastura alichora malengo yote kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: jembe, shimo, gauni, brashi ya chokaa, na sahani. Kila kazi ikisogea, anaongeza mstari pembeni. Mwanzoni mistari ilikuja vizuri.

Halafu senene, wale panzi wetu watamu, wakaanguka. Unakumbuka mwenyewe, senene wakianguka hakuna mwenyekiti wala katibu. Mchimba choo alitupa sululu akakimbilia Kibeta na debe, nasi tukamfuata. Magugu ya shambani tuliyapalilia kwa miguu yetu tukiwakimbiza. Niliwakaanga, nikajaza kikapu kidogo, nikampa Lwakatare, yule dereva wa lori wa kule Muleba, ampelekee Tata. Kila mwaka namtumia, na kila mwaka hajibu neno.

Baada ya hapo zikaja hizi sikukuu mbili kwa mpigo. Idd ni wiki hii na Krismasi ni wiki ijayo, na Bukoba nzima, Waislamu na Wakristo, wanataka nguo kwa fundi mmoja. Baraza limejaa vitambaa hata mgeni hana pa kukaa. Juzi Shaban alishona suruali ya mwalimu wa kwaya miguu ikatazama upande mmoja. Mimi mwenyewe nina mazoezi ya kwaya, nina futari ya kupika, na gauni la Mariamu bado ni kitambaa.

Hasira ilinipanda Jumapili. Nimerudi kutoka kanisani nikamkuta mwenyekiti amepata nafasi ya kupaka chokaa, naye amepaka kwa moyo wote, nje, ndani, mpaka ukuta wa jikoni. Jembe, shimo, gauni, sahani, vyote vimekwenda. Lengo moja limeyafuta mengine, na sasa kila mtu ana hesabu yake. Yeye anasema shimo la choo limefika kina tulichopatana, mimi nasema akiingia bado tunaona kofia. Bi Mastura amenuna kwa ajili ya sahani yake.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba juzi Lwakatare alisimamisha lori mbele ya nyumba, akashusha mbuzi dume, mweusi, mnene, ana kamba mpya ya katani shingoni. Nikamuuliza, wa nani? Akasema Tata kamwambia amfikishe hapa. Nikamuuliza, kwa maneno gani? Akasema hakupewa maneno. Akapanda lori lake akaenda zake.

Kaka, tangu saa ile sielewi kitu. Bi Mastura anasema ni shukrani ya senene, tumchinje Idd tule. Lakini tangu lini kikapu cha senene kikajibiwa kwa mbuzi mzima? Jirani yangu Jovita, ambaye ni wa kwetu Muleba na anazijua desturi, alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaondoka bila kusema. Nilimfuata mpaka kwake. Akaniambia kwamba mbuzi hai, asiye na ujumbe, anayetoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, yeye amewahi kumwona mara moja tu, na ilikuwa mahari inarudishwa.

Na wewe unajua mahari ikirudi maana yake nini. Mimi narudi Muleba, na Mariamu anabaki kwa baba yake.

Nilimweleza Shaban. Alikwenda uani akamfunga mbuzi kwenye mpera, akamkatia majani, akarudi kwenye cherehani. Mama yake alipomletea kisu akamwambia, "Siwezi kumchinja mbuzi ambaye sijui amekuja kama nani." Nami naona sawa, kwa sababu tukimla tumekubali kwamba mahari imerudi. Atakaa hapohapo mzima mpaka tujue.

Utasema, panda gari uende ukamuulize. Kaka, nikienda kuuliza nitajibiwa. Ndiyo maana siendi. Wewe ni mtoto wa kiume, umekaa naye kwenye pombe ya rubisi na wazee wenzake, umesikia wanavyoongea. Niambie mbuzi huyu ni nini. Najua jibu lako litafika Januari, lakini nitakuwa nimemuuliza mtu.

27 Desemba

Kaka, barua ilibaki kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo, sikupata hata nafasi ya kwenda posta. Sasa naendelea palepale.

Idd ilipita vizuri, tulikula kuku. Mbuzi alitutazama. Watu walikuja kutoa mkono wa Idd wakauliza mbona mnene vile hachinjwi, tukasema ni wa Krismasi. Watakaokuja Krismasi tutawaambia nini, hatukujua.

Mkesha wa Krismasi sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda misa, nikaimba, lakini ukiniuliza tuliimba nini sikumbuki. Mariamu alivaa gauni lake, lililomalizwa alfajiri, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Shaban aliniahidi atarekebisha.

Narudi nyumbani, namkuta Tata amekaa barazani.

Alikuwa amevaa lile koti lake la kijivu na viatu. Fimbo ameilaza magotini. Shaban alikuwa amesimama pembeni ya cherehani kama mtu aliyeitwa barazani kwa chifu enzi zile. Hapakuwa na mzee mwingine. Nilijisemea, mahari hairudishwi na mtu mmoja, lazima waje wazee. Halafu nikajisemea, labda wako nyuma wanakuja. Nikapiga magoti nikamsalimu, akaitikia vizuri, akamshika Mariamu kidevu akamwambia aoneshe pengo. Mtoto akaonesha! Mtoto yule ambaye hata mimi hanioneshi.

Nikamletea kamwani. Alichukua punje zake kama kawaida. Nilitazama mkono wake, na Shaban alitazama, na Bi Mastura mlangoni alitazama. Mkono ulikwenda mdomoni. Akatafuna, polepole, huku anatazama watu wanaopita na nguo zao za sikukuu.

Nikaenda jikoni nikapakua nilichokuwa nacho, ndizi na maharage na sato. Nikamwekea mezani. Tata akatazama chakula, akatazama uani, akasikia mbuzi analia. Akauliza kwa Kihaya, taratibu, "Mbuzi wangu ni mgonjwa?"

Bi Mastura, ambaye Kihaya anakisikia lakini anakijibu kwa Kiswahili, akasema, "Mzee wangu, si mgonjwa. Hawa watoto waliogopa. Wamedhani umerudisha mahari."

Tata aliweka fimbo chini. Nilimwona anafikiri, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye hakuwa anaelewa kitu. Alitutazama mmoja mmoja kama sisi ndio wenye mambo ya ajabu.

Akasema, "Ningetaka mle peke yenu ningemchinja kwangu nikawaletea paja. Lakini nikichinja mimi, mkwe wangu hali. Nimefunga safari na viatu hivi nije nikae meza moja na mtu asiyekula?"

Kaka, sijui niandikeje. Hukumu yote ya wiki nzima ilikuwa hapo, na wala haikuwa hukumu. Mbuzi alikuja mzima ili Shaban amchinje mwenyewe. Jambo dogo hivyo, kila nyumba ya Bukoba yenye jirani Mwislamu inalijua, sisi tunaoishi nalo kila siku ndio tuliolisahau.

Shaban alitafuta kisu akakosa, nacho kilikuwa mkononi mwa mama yake. Nilitaka kumwita jirani aje kumsaidia kushika, lakini Tata alikuwa ameshavua koti. Alikwenda mpaka kwenye mpera, akainama, akamshika mbuzi miguu mwenyewe, na Shaban akasema Bismillahi. Nililia waziwazi, na Bi Mastura akanituma maji ili nisiwatie mkosi.

Tulikula jua likielekea kuzama, njaa imetuuma hata adabu imepungua. Tata alikula. Aliongeza. Alisema chumvi ni nyingi, halafu akaongeza tena.

Sahani yake ilipokuwa tupu, Bi Mastura alichukua mkaa jikoni akaenda kwenye ukuta mweupe. Mimi nilimtazama Shaban, maana tangu Jumapili ile amekataza mtu kuugusa hata kwa kidole. Akakohoa tu. Mama akachora sahani, na pembeni yake mstari mmoja mnene. Tata akauliza ni nini. Nikamwambia ni kazi iliyokwisha. Akauliza, "Kazi gani?" Nikakusanya vyombo, nikaenda kuosha.

Malengo mengine usiulize. Choo hakijaezekwa, Kibeta kuna magugu yananifika kiunoni, na Bwana Rweyemamu atapita Mwaka Mpya kukagua. Shaban anasema atamwonesha chokaa na kumpeleka jikoni akaione sahani.

Jana Tata aliondoka na lori la Lwakatare. Jambo moja linanitatiza, na nakuomba hili unijibu kweli. Ile kamba mpya ya katani aliifungua mwenyewe mtini, akaikunja vizuri, akaitundika kwenye msumari wa jikoni, karibu na ile sahani. Nikamkimbilia nayo mpaka kwenye lori. Akaitazama, akaniambia niirudishe nilipoitoa. Sasa mimi sijui, Kaka, ni kamba tu, au mwakani pia anakuja?

Tata na Mama wanawasalimu sana, na Mama amemtuma Tata aombe picha ya mtoto wa mwisho. Shaban anakusalimu, anasema utume vipimo vya suruali, miguu yote miwili. Bi Mastura anamwombea wifi Immakulata kifua kifunguke. Mariamu anasema usimsalimu mtu yeyote anayecheka mapengo. Mungu awafikishe mwaka mpya mkiwa wazima, na njia ya kurudi kwetu iwe fupi.

Nduguyo anayekupenda hata ukichelewa kujibu,

Clotilda