Noti za Juba na Kuku wa Mama Kiden

Mama yangu, shikamoo. Goti vipi sasa? Dotto aliponiambia upepo umeng'oa bati na mnalala jikoni, nililia. Mimi huku Koboko mwili mzima, roho ndiyo mbovu. Barua hii isome peke yako. Kwenye simu Dotto anaweka sauti, mtaa mzima unasikia.

Unajua dagaa wangu wananunuliwa na watu wa Sudan Kusini, nao wanalipa kwa pauni zao. Sisi wa soko la hapa mpakani pauni hatubadilishi upesi. Tunazilaza kwenye gunia mpaka bei ipande. Nilikuwa na nusu gunia, mama, na hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yako.

Jumatatu dereva wa lori akashuka anapiga kelele, "Juba imekataa noti ya zamani! Pesa imekufa!" Kufumba na kufumbua, wabadilisha pesa wote wamefunga visanduku. Kuzibadilisha ni benki za huko Juba tu, siku chache, na njiani watu wanatekwa. Mwenzangu wa soko la Oli, kule mjini Arua, alikaa chini akalia kama mfiwa.

Mimi sikulia. Nilipanda boda mpaka kijiji cha Dranya, kwa Mama Kiden, mjane anayeniuzia muhogo mkavu. Nilipougua malaria ndiye aliyeninywesha uji. Huko habari ilikuwa haijafika. Nikanunua ghala zima kwa noti zile, wala sikuomba punguzo.

"Noti hii iko nzuri, mtoto yangu?"

"Iko nzuri, mama. Ilaze tu, bei itapanda."

Muhogo nimeuuza Arua kwa shilingi za Uganda. Ndiyo hiyo pesa ya bati niliyokutumia. Usinisifu, tafadhali.

Jana Mama Kiden kaja kwa miguu, kuku kwapani. Nikajua leo natukanwa, nikaandaa uongo. Kumbe kaja kushukuru! Kiden, binti yake, ana uvimbe tumboni, na noti zile ni za kumpasua. Wanashinda njaa lakini hazigusi.

"Bei iko juu sasa?"

Nikamwambia, "Bado, mama. Ngoja kidogo."

Msalimie pacha wangu Dotto, na mjomba fundi atakayepiga bati, asifanye ubahili wa misumari. Shangazi mlokole aniombee, ila usimwambie kwa nini.

Kuku nimemchinja leo. Alikuwa na mayai tumboni. Nimemla, mama.

Mwanao,
Kulwa