Heshima ya kiti

Alhamisi

Tangu lini shefu ananivutia kiti? Leo amenivutia, mbele ya ofisi nzima.

"Maman Espérance, ikala. Barabara ya Nyantende iko mubaya. Patrick ataenda kuweka ile programu ku kituo cha afya, weye upumzike."

Programu nimeiandika mimi, miezi saba. Na barabara hiyo naipita kila Jumapili kwenda kumwona mama. Nikamwambia hivyo.

"Haiko kukukataza, maman. Iko heshima tu."

Wanaume wote sita wa ofisi wakaitikia kwa upole, kama wako misani.

Heshima! Anayeenda ndiye anatia sahihi kwenye ripoti, na shefu wa mradi mpya atachaguliwa kati ya waliotia sahihi. Misheni tano za kikazi nje ya mji mwaka huu, mimi sifuri. Kila mara ni heshima.

Halafu Patrick, mmoja wa wale sita, akaja mezani pangu. "Maman, unionyeshe kidogo vile inafunguka."

"Nitakuonyesha njiani," nikamjibu. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Gari la ofisi linatoka kesho saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nimeketi kiti cha mbele. Tuone watanishusha kwa heshima gani.