Sababu ya Maana

Urambo,
9 Agosti 1976

Dada yangu mpendwa Swaumu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo huko Ipuli, na goti lako limepoa. Huku sisi wazima, watoto wanakula na kugombana kama kawaida yao. Barua yako nimeipata. Unanishukuru kwa kukupigania kwenye baraza la mashamba, na unasema bila shaka wenzangu walinishinda. Loo! Dada, niliisoma nikaona haya hata kumtazama mke wangu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwongozo uliotoka wilayani unasema shamba la tumbaku likilala msimu mzima bila sababu ya maana, apewe mwingine. Lako lililala ulipokuwa umekaa eda ya marehemu shemeji. Mwenyekiti wetu, Mzee Modest, aliniuliza kama si vizuri nitoke, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Nikasema nabaki. Nilitaka kijiji kizima kione kwamba Mabruki hapendelei ndugu.

Mzee Modest hakuwa na ubaya nawe. Alisema mwongozo umekuja kutusaidia kuamua, haukuja kuamua badala yetu, na hiyo sababu ya maana tumeachiwa sisi tuipime. Kwa kuwa yeye na mjumbe mwenzetu Marko ni Wakristo, wakaniuliza mimi kama mjane aliyekaa eda amekatazwa kwenda shambani. Nikajibu kuwa dini inamruhusu kutoka mchana kwa shida zake. Marko akauliza, basi mbona hakutoka? Nikasema mwongozo ndio mwongozo, tukimhurumia mmoja itabidi tuwahurumie wote. Wakaniamini, maana nani angedhani mtu atamkandamiza dada yake? Shamba likaenda.

Dada yangu wee, jibu la swali la Marko nilikuwa nalo mdomoni. Wewe ulitaka kutoka ukapande. Ni mimi niliyekuja kukukataza, nikasema watu watatucheka, nikakuahidi shamba halitaguswa. Hilo sikulitamka barazani. Niliona aibu wasije wakajua.

Mzee Modest anasema shauri hufunguliwa tena likipatikana neno jipya. Neno ninalo, na bado sijamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Njoo baraza likikaa mwezi ujao, niliseme mbele yako.

Nisalimie mwanao Zamda. Najua ulimwambia mjomba wake alikupigania. Tafadhali, msomee na barua hii.

Ni mimi nduguyo,
Mabruki