Kujutia Pombe Nisiyoipika

Dada Kwamboka,

Huku ughaibuni, Al Mansoura, tu wazima, ila jua linatuchemsha kabla ya chai. Nimesikia mwanao Chelsea amepita hesabu. Mwambie mjomba ameringa kazini siku nzima.

Nimepata nafasi ya ulinzi katika shule moja kule Al Thumama. Wanataka cheti cha tabia njema, na changu bado kina lile doa la kesi ya pombe haramu, ile chang'aa. Wakili wa Nairobi anasema huenda likafutwa nikileta maelezo ya kiapo: nilipikaje, kwa nini, na ninajutaje. Siku ya tatu hii, karatasi bado tupu. Onyango, tunayeishi naye chumba kimoja, ananicheka: "Bro, wewe hata soda hunywi. Hiyo chang'aa ulipika na maombi?"

Nimechanganyikiwa, dada. Askari walipouliza mtungi ni wa nani, Chelsea alikuwa ananyonya, nikasema ni wangu. Sikukulaumu siku ile, wala sianzi leo. Lakini nikiapa ukweli, watakuja kwako, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nikiapa kwamba nilipika mimi, nitakuwa nimedanganya mbele ya sheria, na hilo ndilo litakuwa kosa langu la kwanza.

Basi niruhusu nikutaje. Au la, niandikie kabla ya Alhamisi: sukari kiasi gani, na inakaa siku ngapi. Kama ni kujuta, nijute vizuri.

Nduguyo mhalifu,
Arnold