Foleni ya Bwana Arusi

Jumatatu, 5 Januari 2026

Shuaibu amenuna! Mpira wake ulikwama dakika ya themanini na tisa, akaja mbio dukani kuniuliza nimeifanya nini intaneti ya kisiwa chetu cha Chula. Mimi? Mimi dada yake, nimekaa tu na ruta yangu!

Kweli nilimpunguzia. Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti kisiwa kizima, ina kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi data inayongoja zamu, na mwenye kuigawa ni mimi: foleni ya simu, foleni ya ujumbe, foleni ya video. Foleni ikijaa, kinachozidi kinamwagwa. Ya Shuaibu nimeifanya nyembamba kama uzi. Alikula samaki wangu bila kuuliza.

Nikaha ni Ijumaa. Mchumba wangu Idarus yuko Mombasa, na Jumamosi anapanda meli, miezi minane. Hataki wakili wa kumwitikia. Ataitikia mwenyewe kwa simu, sauti itoke kwenye spika ya msikiti. Kadhi amekubali kwa sharti moja: jawabu lije papo hapo, kikao kilekile. Ataulizwa mara tatu tu, asipojibu watu watawanyike. Na baba ameshanidokezea, bila kunitazama usoni, kwamba Omar muuza injini za boti wa Kismayo bado anauliza habari zangu. Omar! Mtu anayesema "Omar hapendi chai ya baridi" na Omar ni yeye!

Jumatano, 7 Januari

Nimefungiwa ndani. Shangazi Mwanasiti ameitia kompyuta yangu sandukuni, ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso. Eti bibi arusi hagusi kazi.

Lakini nilimuwahi! Nimeshaunda foleni mpya, jina lake Harusi: kila kinachoingia nyumba hii na msikitini kinapita humo. Nimeipa karibu kumbukumbu yote ya ruta. Bwana arusi wangu hapewi kigoda, anapewa ukumbi mzima. Hata herufi moja ya jawabu lake isimwagike.

Nilijaribu naye saa ya sala ya adhuhuri, hakuna mtu kisiwani aliyeshika simu. Safi! Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia, si samaki, muulize Shuaibu. Akacheka palepale. Nampenda mtu huyu jamani.

Alhamisi, 8 Januari

Hina. Kutwa mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Pua ikawasha, Shangazi akanikuna yeye, vibaya.

Simu ya Shangazi hainyamazi. Jamaa wanatuma pongezi za video. Rawda wa Nairobi peke yake ametuma saba, zote vigelegele, zote ndefu.

Ijumaa, 9 Januari

Baada ya alasiri. Niko chumbani, dirisha linaelekea msikitini, kila kitu nakisikia. Naandika ili nisilie.

Baba amemwambia Idarus kwenye simu: "Nimekuoza binti yangu Wardah." Kadhi ameuliza mara ya kwanza kama amekubali.

Kimya.

Kadhi amekohoa. Na hapa ndani simu ya Shangazi inalia, inalia, inalia. Pongezi! Minnesota, London, Nairobi — zote zinakuja nyumba hii, zote zimeingia foleni ya Harusi!

Mjinga mimi. Foleni ndefu haimwagi kitu, ni kweli. Inachelewesha kila kitu! Idarus amejibu zamani, namjua. Jawabu lake limekaa ukumbini nyuma ya vigelegele vya Rawda, linangoja zamu kwa adabu. Heshima zote nilizompa ndizo zilizomziba mdomo.

Nimemlilia Shangazi anipe kompyuta. Amesema, "mtu" akiitamka kikwetu: "Wewe mchu wa namna gani? Siku ya nikaha!" Kisha naye akakisikia kile kimya. Amelifungua pindo la leso mwenyewe.

Kadhi ameuliza mara ya pili. Kimya. Mtu mmoja msikitini amesema labda kijana ameghairi. Aghairi nini!

Nimefungua. Dawa ni kuikata foleni iwe fupi, simu itangulie mbele. Lakini nikiikata, vilivyomo vinamwagika, na "nimekubali" yake imo humo. Nikiiacha itafika yenyewe, ruta inasema baada ya dakika mbili. Kadhi hana dakika mbili. Baba ameanza kuwaomba radhi watu.

Shangazi ananifokea niweke kalamu. Anaolewa yeye au mimi?

Haya. Anayenitaka atasema tena.

Nimekata. Pongezi zote chini! Rawda, nisamehe. Njia nyeupe.

Kadhi anauliza mara ya tatu. Sema, Idarus. Sema upya, ile ya kwanza nimeimwaga mimi kwa mkono wangu. Sema —