Muti ya mu ndoo

Papa,

Nilikuwa nashika ndoo na miguu, we unavuta muti na mikono mbili, na mizizi ikatoka yote mara moja, imezunguka kama wavu. Ukailalisha pa gunia, ukakamata panga, ukakata kidogo kidogo pembeni. Mi nilikuwa naangalia tu. Nilijua kama ukikata sana itakufa, lakini sikusema.

Ile mbegu padiri muzungu alikupa mbele ya kurudi kwao. Alisema ni shene, muti ya Bulaya, kule kwao inakuwa munene kupita nyumba. Uliomba mwenye lupango, ule tata Mubemba tulipanga kwake, tuipande nyuma ya nyumba. Akakatala. Alisema mugeni akipanda muti, kesho anasema udongo ni yake. Hakukasirika, alisema tu. Njo maana ilibakia mu ndoo, na kila mvua ikianza tunakata mizizi, tunatia udongo mupya.

Kuko siku Mama aliimwangia maji ya kusafisha samaki ya chumvi. Alizani itaipa nguvu. Majani ikaungua. Haukumugombeza. Ulibeba muti mpaka ku ziwa, ukaosha mizizi polepole. Bamama ba samaki bakacheka, moja akauliza, "Papa, leo unaogesha mutoto?"

Ukamujibu, "Iko peke yake huku. Mama yake alibakia Bulaya."

Bakacheka tena. We hapana.

Sasa inanifika mu kifua. Kisha matanga yako, Mama akaanza kufunga vitu, turudi kwetu Pweto, ng'ambo ya ziwa. Mi nilikuwa nafikiri kama ndoo itaenea mu bwato. Mwenye lupango akakuya, akasimama karibu na muti. Kisha akagonga udongo na muguu.

"Byala," akasema na Kibemba. Panda.

Nikamukumbusha maneno yake ya zamani. Akasema mutu mwenye kulalisha baba yake mu udongo ya hapa, haiko tena mugeni. Nikaangalia Mama. Alikuwa anashika kamba ya mufuko.

"Na bwana yangu nilitaka kumuachia nani?" akasema. Akafungua kamba.

Sijui kama ile ni furaha. Leo asubuhi nimechimba shimo, palepale nyuma ya nyumba ulionyesha zamani. Panga yako nimeiacha mu nyumba. Mwaka hii sitakata kitu.

Niende sasa, Papa. Wingu inatoka ku ziwa, upande ya Kilwa, na shimo ikijaa maji, muti haitasimama.

Ni mie, mutoto yako wa kwanza