Faraja Alikwenda Mwenyewe Altareni

Mgeta, Jumatatu

Dada Hosiana, shikamoo.

Huku mvua ni nzuri, njegere zimestawi, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Jana binti yetu Faraja alipata kipaimara. Tangu akatwe mguu, madaktari bado hawajatuambia kama ugonjwa umeisha. Padri alitaka askofu amfuate pale benchi, lakini Faraja akamwambia, "Nitakwenda mwenyewe, Padri." Akaenda na magongo yake hadi altareni.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kama haogopi majibu ya madaktari.

"Naogopa, baba. Lakini Mungu anajua anakonipeleka."

Dada, nililia mbele ya mama yake, wala sikujificha. Yule ni mwanangu.

Mdogo wako anayetembea kifua mbele,
Severin